Sweta ya Waridi: Wazazi, Rangi na Vichezeo vya Watoto Wetu

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na katika mitihani ya insha tumeitumia hata ikachujuka. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliowahi kujiuliza: tunamlea mtoto kwa nini hasa? Si kwa chakula na karo pekee. Tunamlea pia kwa kitu tunachompa mkononi achezee, kwa rangi ya nguo tunayomvika, na kwa neno tunalomtupia anapochagua tusichokitarajia. Makala haya yanakusudia kulijadili suala hilo, ambalo wengi hulidhania kuwa dogo. Nami nitaanza na kisa cha nyumbani kwetu, maana si adabu kuwanyoshea wengine kidole kabla ya kujinyoshea mwenyewe.

Kwetu ni Limuru. Aijuaye Limuru anaijua baridi ya mwezi Julai, wakati umande unapokawia juu ya majani ya chai hadi saa nne za asubuhi. Miaka miwili iliyopita, kifungua mimba wa dada yangu, msichana wa miaka saba, alikuwa na sweta nzito ya sufi, rangi ya waridi, ambayo tayari ilikuwa imemwia ndogo. Ilikuwa nzima, haina tundu wala uzi uliochomoka. Mdogo wake, mvulana wa miaka minne, alikuwa ndiyo kwanza ameanza chekechea katika shule ya jirani isiyodai sare, na sweta yake ilikuwa imepotea. Dada akamvika ile ya waridi. Shemeji yangu alipomwona akaamuru ivuliwe mara moja. "Huyu ni mwanaume," akasema. "Rangi hiyo itafanya waanze kumwita msichana." Sweta nyingine ingenunuliwa mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia. Kwa siku kumi na mbili mtoto alikwenda shule kwa shati na fulana. Siku ya kumi na tatu alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu, akakaa siku nne.

Sitadai kwamba baridi ndiyo iliyomwangusha. Daktari alitueleza kuwa ugonjwa huo huletwa na viini. Lakini najua kwamba mtoto alitetemeka siku zote hizo ilhali sweta nzima ilikuwa imekunjwa sandukuni, na kwamba gharama ya hospitali ingeweza kuwanunulia sweta watoto wa darasa zima. Baadaye niligundua kwamba mama yangu alikuwa akimvika mjukuu wake sweta ile ile kila usiku wakati wa kulala. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa upole, "Baba, usiku hakuna jicho la jirani."

Na mimi? Nilikuwapo siku ambayo shemeji aliamuru sweta ivuliwe. Nilicheka. Wiki iyo hiyo nilikuwa nimewasilisha makala katika semina kuhusu taasubi ya kiume katika tamthilia ya Kiswahili, nikapongezwa na wahadhiri wangu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasikiliza wazazi kwa makini zaidi: jirani, jamaa, na wanafunzi wenzangu ambao tayari wana watoto. Huo si utafiti wa kisayansi, nami siuiti hivyo. Ni mazungumzo tu, lakini hoja zinazojitokeza humo ni zile zile kila mara, na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba rangi na vichezeo ni suala la utamaduni wetu. Hebu tuitazame hoja hii. Morani wa Kimaasai hujitanda shuka jekundu na kujipamba kwa ushanga, na hakuna athubutuye kumwambia kwamba amevaa kama msichana. Mwanamume wa pwani hujifunga kikoi chenye mistari ya rangi anuwai, nyingine nyangavu kuliko za maua, akaketi barazani na heshima yake kamili. Basi ni mababu gani hao waliotuagiza kwamba waridi ni ya wasichana na samawati ni ya wavulana? Hata huko ng'ambo kanuni hiyo haina umri mkubwa. Mwaka 1918, jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wasomaji wake kinyume kabisa: waridi, kwa kuwa na nguvu, iwe ya wavulana, na samawati, kwa kuwa laini, iwe ya wasichana. Ni katika miaka iliyofuata ambapo mambo yaligeuzwa, na mkono wa biashara ulihusika pakubwa. Mfanyabiashara anajua kwamba iwapo mvulana hawezi kurithi sweta ya dada yake, mzazi atalazimika kununua sweta mbili. Kwa hiyo, kile tunachokiita utamaduni wetu kilitufikia katika makatoni ya madukani na katika marobota ya mitumba ya Gikomba na Kongowea. Tumekipokea, tukakivika kanzu ya mababu.

Lugha yetu yenyewe inatushuhudia. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumeziita kwa vitu vilivyotuzunguka: kijani kwa jani, manjano kwa kiungo cha jikoni, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda, waridi kwa ua, na samawati kwa mbingu. Sijaona kamusi inayosema kuwa mbingu ni za wavulana. Aidha, katika ngeli ya A-WA, mtoto ni mtoto: anacheza, analia, analala. Hatuwezi kujua jinsia yake mpaka tuiongeze wenyewe kwa maneno. Vivyo hivyo mwanasesere. Neno lenyewe limebeba "mwana", na mwana ni wa baba kama alivyo wa mama.

Sidai kwamba Kiswahili hakina doa. Lugha hii hii iliuita mkono wa kulia "mkono wa kuume" na wa kushoto "mkono wa kuke", na hadi leo humwambia anayeumia ajikaze kiume. Ninalosema ni kwamba lugha imetuachia nafasi pana ya kumwona mtoto kwanza kama mtoto, nasi tunaiziba nafasi hiyo kwa hiari yetu.

Hoja ya pili ni kwamba watoto ndivyo walivyoumbwa: mvulana atakimbilia gari, msichana atakimbilia mwanasesere, hata wakiachwa peke yao. Sikatai kwamba watoto hutofautiana. Ninachouliza ni lini tuliwahi kuwaacha peke yao. Mwaka 1975, watafiti nchini Marekani walimvika mtoto mchanga wa miezi mitatu nguo ya manjano, kisha wakawaalika watu wazima kucheza naye. Baadhi waliambiwa ni wa kike na wengine kwamba ni wa kiume. Mtoto alikuwa yule yule, lakini walioambiwa ni wa kike walielekea zaidi kumpa mwanasesere. Ikiwa mkono wa mtu mzima humwamulia mtoto wa miezi mitatu, tutajuaje alichokuwa akichagua mwenyewe alipofikia miaka mitatu?

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni hofu: "Atachekwa." Hofu hii siibezi. Mzazi anayemzuia mwanawe kuvaa waridi aghalabu hafanyi hivyo kwa chuki bali kwa mapenzi. Anaijua dunia ilivyo na ulimi, naye anataka kumkinga mwanawe. Shemeji yangu anampenda mwanawe. Hospitalini alilala kwenye benchi usiku wote wa kwanza. Lakini tunapaswa kuuliza: anayecheka ni nani? Mtoto wa miaka minne hakuzaliwa akijua kwamba sweta ina jinsia. Alifunzwa na mtu mzima. Tunamwogopa mchekaji tuliyemlea wenyewe, kisha tunawaficha watoto wetu asiwaone. Jibu la mama yangu lilikuwa na hekima ya kumfariji mtoto, lakini pia lilikuwa ushahidi dhidi yetu sote: sweta haikuwa na kosa usiku, ikawa na kosa mchana.

Kuna jambo jingine nililolibaini katika mazungumzo hayo, na kwa maoni yangu ndilo kiini cha mjadala huu. Wazazi wengi hawaoni ubaya binti yao akicheza kandanda, akivaa suruali au akiunda gari la waya. Wengine hata hujigamba: "Huyu wangu ni kama mvulana!" Lakini mvulana akimbeba mwanasesere mgongoni, nyumba nzima hushtuka. Kwa nini msichana akigusa cha mvulana huhesabiwa amepanda, na mvulana akigusa cha msichana huhesabiwa ameshuka? Hakuna kushuka pasipo mahali pa chini. Tunapomkemea mvulana kwa kumwambia asiwe kama msichana, dada yake anayesikia kando hujifunza kwamba yeye ndiye hapo mahali pa chini. Hilo ndilo somo la kwanza la taasubi ya kiume, nalo hutolewa sebuleni, miaka mingi kabla ya mwanafunzi kulikuta neno hilo katika uhakiki wa fasihi.

Hasara yake ni kubwa kwa pande zote mbili. Kichezeo ni mwalimu. Anayeunda gari kwa waya na magurudumu ya ndara kuukuu hujifunza kupima, kupinda na kusawazisha. Anayefuma mpira kwa matambara na kamba (maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Agosti mwaka 2017) hujifunza uvumilivu na ubunifu. Anayemvika na kumbembeleza mwanasesere hujifunza kumhudumia aliye mnyonge. Tunawanyima wasichana somo la kwanza, kisha tunashangaa tukiwaona wachache katika madarasa ya uhandisi. Tunawanyima wavulana somo la mwisho, kisha tunaandika riwaya na mashairi ya kuwalilia akina baba waliotelekeza watoto wao. Mvulana aliyekatazwa kumbeba mtoto wa bandia, ni lini atajifunza kumbeba mtoto wa kweli?

Kisheria, nchi yetu imekwisha kusema neno lake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatamka kuwa wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa kwa usawa na ya kupata nafasi sawa katika nyanja za kisiasa, kiuchumi, kitamaduni na kijamii. Kwingineko sheria imefika hadi kwenye rafu za maduka: katika jimbo la California nchini Marekani, tangu mwaka 2024, maduka makubwa yanayouza vichezeo hutakiwa kutenga sehemu isiyobagua wavulana na wasichana. Sipendekezi kwamba sisi nasi tukimbilie bungeni kwa ajili ya wanasesere. Sheria haiwezi kuingia sebuleni na kumvika mtoto sweta. Anayeweza ni mzazi, na anayeweza kumshawishi mzazi ni mtu anayezungumza naye kwa lugha yake.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Tumebobea katika kuhakiki. Tunausoma Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, tukajadili kwa ukali wasia wa mama kwa bintiye Mwana Hashima kuhusu namna ya kumtumikia mume. Tunamsifu Lanina katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui kwa kuwaongoza wafanyakazi, na tunaipongeza Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi kwa kumpa mwanamke sauti. Yote hayo ni mema. Lakini Mwana Kupona angalau aliketi akatafakari kile anachotaka mwanawe akirithi. Sisi wasia wetu tumemwachia mwenye duka.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama chetu kisiishie kwenye makongamano. Tuandike hadithi za watoto ambamo mvulana anambeba mdogo wake mgongoni bila mwandishi kuliona hilo kuwa kichekesho, na msichana anatengeneza baiskeli bila kuitwa "kama mvulana". Tuwape watoto hadithi hizo kabla ya soko kuwapa zake. Pili, na hili ni gumu zaidi, kila mmoja wetu akirudi kwao likizoni asikae kimya. Si lazima ahutubu wala amwaibishe mkubwa wake mbele ya watu. Neno moja la upole lingetosha. Siku ile ningeweza kumwambia shemeji yangu, "Shemeji, kuna baridi, mwache mtoto avae, tutanunua nyingine baadaye." Nilikuwa na nadharia zote za ufeministi kichwani, nikakosa sentensi hiyo moja.

Shemeji alinunua sweta nyingine mwisho wa mwezi ule, ya rangi ya samawati. Mvulana sasa ana miaka sita na ni mzima wa afya. Ile ya waridi bado imo sandukuni kwa mama. Dada yangu anatarajia mtoto wa tatu, na wote nyumbani wanauliza atakuwa wa kike au wa kiume ndipo waijue hatima ya sweta. Safari hii nimekwisha kulitoa neno langu mapema: awe yeyote, Julai ya Limuru itamkuta, na sweta ni yake. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nami naongeza kwamba na sisi wakunjaji, licha ya ukavu wetu, bado hatujashindwa kukunjika.