Kamera Haizibi Bomba

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, sasa nimerudi na hasira. Wenzangu tunaounda programu, hii inatuhusu.

Mwezi jana shangazi yangu hapa Nairobi alinipigia simu. Bili ya maji ilikuwa imepanda karibu mara tatu, na kesi ameshaiamua: mzee anayetunza bustani yake anauza maji usiku. Tangu mgao ulioanza Januari 2017 mtaa wao umezoea mifereji mikavu, na siku kama hizo mtungi wa lita 20 haukosi mnunuzi. Mtaalamu mmoja alikuwa amempa bei ya kamera mbili na kihisi cha maji kinachotuma ujumbe kwa simu. Mimi niliombwa niviunganishe na intaneti.

Nakiri nilifurahi. Kabla sijafika getini nilikuwa nimeshachora hifadhidata kichwani.

Mzee alinisalimu, kisha akaniambia bila kuulizwa, "Kijana, ile kona sijainyunyizia wiki mbili, na bado ni matope." Shangazi alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Lakini nani humsikiliza mtu aliyekwisha kuitwa mwizi?

Nikaweka laptopu kando. Kurasa nyingi za Marekani zitakwambia funga mifereji yote, kisha tazama kama mita inazunguka. Ushauri mzuri, ila nyumba zetu zina matangi, na tangi huficha mambo: mgao ukikatika mita inasimama, huku maji ya tangini yanaendelea kuvuja. Kwa hivyo saa nne usiku tulifunga koki inayoingiza maji tangini, tukafunga na mifereji ya nyumba, nikapima kina kwa fimbo. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka. Usiku wa pili tukafunga pia vali ya bustani. Asubuhi fimbo ilisoma pale pale. Usiku wa tatu tukafungua laini moja tu kati ya mbili za bustani, ile ya kona ya mzee. Yakashuka tena. Ni mbinu ile ile ya kusaka mdudu kwenye msimbo: gawa nusu, pima, gawa tena.

(Kichwa cha kunyunyizia kilicho chini kabisa kikitiririka kidogo baada ya kufunga, usikimbilie jembe. Ni maji yaliyobaki bombani. Kisipokoma, fungua vali yake. Mara nyingi ni chembe ya mchanga imekwama chini ya kiwambo.)

Tulichimba kwenye matope yale tukapata kiungo cha PVC kimezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kuna fundi aliyelipwa kwa kazi hiyo! Tukakata kipande kibovu, tukasafisha na kukausha ncha, tukatia kipande kipya kwa gundi yake na kuiacha ishike. Shimo halikufukiwa mpaka tulipofungulia maji na kuona pakavu.

Mtu atasema ni tone tu. Lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, yaani mitungi 72. Kwa mwezi ni zaidi ya mita 43 za ujazo, na mengi ya maji hayo yanasafirishwa kutoka Ndakaini, Murang'a, yaje kunenepesha matope.

Mwingine atasema kihisi kingegundua mapema. Kingegundua nini? Kwamba maji yanapita saa nane usiku. Kifaa hakijui bomba wala mwizi. Shangazi, aliyekwisha kuamua, angepokea ujumbe huo kama ushahidi, na kamera ingemwonyesha mzee akizunguka na tochi, jambo analolipwa kulifanya. Angefukuzwa kwa msaada wa msimbo wangu, na bili ingebaki vile vile. Sisi ndio tunaouza vitu hivi kabla ya kuuliza kama kuna aliyefunga koki.

Kamera bado ziko kwenye maboksi. Shangazi anataka nizifunge "kwa usalama tu". Nimemwambia sitagusa waya hata mmoja mpaka amwombe mzee msamaha. Hajanipigia tena.