Nani Alipaswa Kuzitunza Filamu za Theda Bara?

Usiku wa Julai 9, 1937, ghala la filamu la kampuni ya Fox liliwaka moto huko Little Ferry, New Jersey. Zilikuwa siku za joto kali, ghala lilikuwa halipitishi hewa vizuri, na mikanda ya nitrati iliyokuwa ikioza ndani yake ilikuwa ikitoa gesi. Mkanda wa aina hiyo ukishika moto hujitengenezea oksijeni; hata ukiuzamisha majini unaendelea kuwaka. Kijana mmoja alifariki. Sehemu kubwa ya kazi ya mwigizaji Theda Bara ikawa majivu.

Bara aliigiza filamu zipatazo 40 zisizo na sauti. Zilizosalia nzima ni za kuhesabu kwa vidole, na Cleopatra ya mwaka 1917 imebaki vipande tu. Kilichosalia kwa wingi ni picha za matangazo, pamoja na uongo wa kampuni iliyodai kuwa alizaliwa Sahara. Alizaliwa Cincinnati mwaka 1885, kwa jina la Theodosia Goodman, binti wa fundi cherehani Myahudi. Kwa kuwa picha ndizo zilizosalia, watu humkumbuka kwa wanja na mavazi, na wameamua kuwa hakujua kuigiza. Wameamua bila ushahidi. Katika A Fool There Was ya 1915, mwanamume aliyetelekezwa naye anamwelekezea bastola; yeye anaipangusa pembeni kwa ua, huku akicheka, na bega halimtikisiki. Huyo alikuwa anaijua kazi yake.

Wapo wanaosema filamu ni mali ya aliyeitengeneza, na akitaka kuitupa, atupe. Hoja hiyo siikubali. Sauti ilipoingia sinema, filamu za zamani hazikuwa na soko, na kampuni haitunzi kisichouzika. Serikali nayo ilikuwa na nafasi: Maktaba ya Bunge la Marekani ilipelekewa nakala kwa ajili ya hakimiliki, lakini ikazirudisha kwa wenyewe na kubaki na maelezo ya maandishi, kwa kuogopa moto. Hofu hiyo ilikuwa halali. Ila dawa yake ilikuwa kujenga maghala baridi, kama ilivyokuja kufanywa baadaye. Utafiti wa maktaba hiyohiyo wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni asilimia 14 tu ya filamu ndefu za Marekani zisizo na sauti zilizobaki katika hali yake ya awali.

Sheria imtake kila mtayarishaji akabidhi nakala moja kwa hifadhi ya umma, filamu iwe imependwa au imezomewa, na gharama ya kuitunza iingizwe kwenye bajeti yake tangu mwanzo.