Majeruhi Wasiuze Haki Yao Barabarani

Barabara za kutoka Moshi kupanda Uru na Kibosho zina miteremko mikali, na abiria wa pikipiki huumia humo. Linalotusikitisha ni desturi ya kumalizana papo hapo. Majeruhi hupewa fedha za dawa, akatia saini karatasi, na shauri likafa kabla mguu haujapigwa picha KCMC. Mguu haupimwi kwa macho! Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kuwa na bima kwa ajili ya wale atakaowadhuru. Majeruhi na aripoti polisi, apewe fomu ya PF3, anakili namba ya bima, kisha adai. Mahakamani anayo miaka 3 tu. Ndugu walimu na watumishi wa Serikali, wasomeeni majirani zenu karatasi hizo kabla hawajatia saini.