Mionzi Imekwisha, Uangalizi Usiishe

Mgonjwa wa saratani ya mapafu atokaye Matongo, wilayani Tarime, hana budi kusafiri hadi hospitali kama Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ili apate tiba ya mionzi. Mara nyingi hukaa huko takriban wiki 6, akitibiwa siku 5 kwa wiki. Siku ya mwisho ndugu hushukuru kwamba kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, sehemu nyingine ya kazi ndiyo kwanza inaanza, nayo huangukia zahanati ya kijijini.

Madhara ya mapema yanafahamika. Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 umio huvimba, na kila tonge huchoma. Mgonjwa ale kidogo kidogo, mara kwa mara: uji wa vuguvugu, mtindi, ndizi laini, aache pilipili, pombe na sigara. Ngozi ya kifua ioshwe kwa sabuni isiyo kali, wala isipakwe dawa isiyoagizwa na daktari. Familia isimtenge: mionzi ya mashine haibaki mwilini, na anaweza kumpakata mjukuu wake bila hofu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni athari ichelewayo. Kati ya mwezi 1 na 6 baada ya tiba, pafu lililopata mionzi huweza kuvimba: kikohozi kikavu, kubanwa na pumzi, homa ndogo. Katika eneo la machimbo ya dhahabu, mhudumu huwaza kifua kikuu kwanza, wala hakosei, apime makohozi. Lakini kubadilisha antibiotiki moja baada ya nyingine bila nafuu ni kumchelewesha mgonjwa. Uvimbe huu hutibiwa kwa prednisoloni chini ya usimamizi wa daktari, na dozi hupunguzwa polepole kwa wiki kadhaa. Ikikatishwa ghafla, dalili huweza kurudi. Anayehema hata akiwa amekaa apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, sisi wa hospitali kubwa tusimruhusu mgonjwa bila barua inayotaja sehemu iliyotibiwa, kiasi cha mionzi, tarehe ya mwisho na simu ya kliniki. Mgonjwa aende nayo kila anapotibiwa. Naye mhudumu amwulize kila mwenye kikohozi: “Umewahi kupata mionzi ya kifua? Lini?” Jibu huweza kumfikisha kwa daktari kabla pafu halijaharibika zaidi.