Suali la Mtoto wa Santa Fe

RAI YA JUMA
Na Athman Bakari Shee

Kampuni inapoondokewa na mkuu aliyeijenga, ikiwa ameondoka kwa mauti, kwa uzee au kwa kutolewa, jambo la kwanza waulizalo watu ni nani atakayekikalia kiti chake, na la pili ni kama bei ya hisa itashuka. Na kwa kuwa masuali haya mawili hupata majibu upesi, hayo ndiyo yajazayo kurasa za magazeti kwa siku kadhaa, kisha kila mtu akarejea katika shughuli zake. Mimi naona kuna jambo lililo aula zaidi kuulizwa, nalo ni hili: yule mkuu, katika miaka yote aliyoshinda kazini, alikuwa akijibu suali gani, na je, suali hilo limebaki nyumbani au limetoka naye mlangoni? Nitaieleza rai yangu kwa habari ya Polaroid, kampuni ya Marekani ambayo vijana wengi wa leo huijua kwa jina tu, lakini ambayo katika zama zake ilitajwa kwa taadhima ile ile wanayotajwa nayo leo watengenezaji wa simu na kompyuta.

Aliyeiasisi alikuwa Edwin Land, mzaliwa wa jimbo la Connecticut mwaka 1909, aliyeingia Chuo Kikuu cha Harvard akatoka bila shahada kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kushikwa na azma moja, kutengeneza utando mwembamba wa kuchuja mng'ao wa nuru, ambao baadaye ulitiwa katika miwani ya jua, na ambao ndio uliozaa kampuni yake mwaka 1937. Mwaka 1943, akiwa mapumzikoni na familia yake huko Santa Fe, New Mexico, alimpiga picha binti yake wa miaka mitatu, na mtoto akamwuliza kwa nini hawezi kuiona picha ile sasa hivi. Baba mwingine angalimweleza mwanawe kwamba filamu haina budi kwenda kwa fundi, ikasafishwa gizani, ikakaushwa, na mtu akangoja siku kadhaa; na maelezo hayo yangalikuwa ya kweli tupu. Land hakumpa jibu hilo. Alitoka akaenda kutembea, na kwa maelezo yake mwenyewe haukupita zaidi ya muda wa saa moja ila kamera, filamu na kemia yake vilikuwa vimekwisha kumpambanukia akilini. Februari 1947 aliwaonyesha wataalamu wa elimu ya nuru mjini New York picha iliyotoka papo hapo mbele ya macho yao, na Novemba 1948 kamera za kwanza ziliwekwa katika duka la Jordan Marsh mjini Boston, kwa bei ya dola 89 na senti 75, zikamalizika siku ile ile.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka kazi hii kwa macho na hata kwa pua. Katika studio za picha za pasipoti, fundi alikuwa na kamera yenye macho manne mbele yake. Akibonyeza mara moja huivuta karatasi kwa mkono thabiti, maana ikivutwa kwa kusitasita dawa haienei sawasawa na sura ya mtu hutoka na mabaka, kisha huitazama saa yake, hungoja, huibandua karatasi ya juu polepole, na hapo nyuso nne zilizo sawa hudhihiri, zingali na unyevu na ile harufu kali ya dawa. Siri yake ilikuwa katika kifuko kidogo kilichofichwa pembeni mwa karatasi, ambacho hupasuka kinapopita baina ya magurudumu mawili ya chuma na kuimwaga dawa yake juu ya picha nzima. Mwaka 1972 Land aliifikisha fikra hii katika upeo wake kwa kamera iitwayo SX-70, iliyokunjika ikaingia katika mfuko wa koti, ambayo huitoa picha yenyewe kwa mota, nayo picha ikajikamilisha katika nuru ya mchana bila ya kubanduliwa chochote. Na hata betri ya kuiendesha mota hiyo ilitiwa ndani ya kila pakiti ya filamu, ili mnunuzi asije akakuta kamera yake imezimika. Mtu aliyeyawaza haya yote si mtu wa kawaida, nami namstahi.

Tena katika miaka ya mwanzo alikuwa hodari wa kuwachagua watu. Aliwachukua mabinti waliohitimu katika chuo cha Smith, wengine wao wakiwa wamesoma taarikhi ya sanaa wala si kemia, akawaingiza maabara; na mmoja wao, Meroë Morse, akawa mkuu wa utafiti wa filamu za nyeusi na nyeupe, kazi aliyodumu nayo mpaka kufariki kwake mwaka 1969. Mtu aliyetoka katika elimu nyingine huuliza yale ambayo mweledi wa fani ameshaacha kuyauliza, na kwa muda mrefu nyumba ya Land ilinufaika kwa watu wa namna hiyo.

Lakini kuna jambo lililotokea mwaka 1970 ambalo wanaoandika habari za biashara aghalabu hulipita upesi, nami kama Mwafrika siwezi kulipita. Wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter, aliyekuwa mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, waliona kazini kwao sampuli ya kitambulisho kilichotengenezwa kwa ajili ya idara ya madini ya Afrika Kusini. Walipofuatilia wakatambua kwamba ule ustadi wa kutoa picha papo kwa papo, uliozaliwa kwa kumfurahisha mtoto, ulikuwa ukitumika kutengenezea vitabu vya pasi, vile vitabu ambavyo mtu mweusi asipokuwa navyo mfukoni katika nchi yake mwenyewe alikamatwa na kutiwa ndani. Wakauliza hadharani kwa nini. Kampuni ilituma ujumbe Afrika Kusini, ikatangaza kwamba haitaiuzia serikali ile tena, ikaahidi kuboresha mishahara na kusaidia elimu, lakini biashara yenyewe ikaendelea kwa mkono wa wakala. Na Hunter akafukuzwa kazi. Mwaka 1977 ilipofichuka kwamba wakala huyo alikuwa akiiuzia serikali kwa siri, ndipo Polaroid ilipoondoka. Nyumba iliyojengwa juu ya suali la mtoto wa miaka mitatu ilikuwa imeshindwa kulipokea suali la mfanyakazi wake, na Land wakati huo alikuwa yungali juu ya kiti. Naliona tukio hili kuwa ndiyo dalili ya kwanza ya maradhi, kwa sababu pahali ambapo anayeuliza juu ya dhulma hutolewa, seuze anayeuliza juu ya kamera?

Katika mwaka ule ule wa 1977 dalili ya pili ilitokea. Land alileta Polavision, mtambo wa sinema za papo kwa papo, uliokuwa na filamu ya muda wa dakika mbili na nusu hivi, isiyo na sauti, ambayo haikuweza kutazamwa ila katika kisanduku chake maalumu. Kama kazi ya kemia lilikuwa jambo la ajabu. Walakini kanda za video za Sony zilikuwa zimeingia sokoni tangu 1975 na za VHS zikafuata mwaka uliofuata, na mtu aliyetia kanda hizo aliona na kusikia kwa muda mrefu, akafuta, akarekodi tena. Polavision haikununuliwa, na mwaka 1979 kampuni ikafuta katika vitabu vyake hasara ya zaidi ya dola milioni 60. Mwaka 1980 Land akamwachia uongozi William McCune, mhandisi aliyekuwa naye tangu kabla ya vita, na mwaka 1982 akaondoka kabisa, akaenda kuendelea na utafiti katika taasisi aliyoianzisha mwenyewe, baadaye akaziuza hisa zake, na mwaka 1991 akafariki.

Wengi husema Polaroid iliporomoka kwa kuwa Land aliondoka. Sikubaliani nao. Mtoto wa Santa Fe hakuomba filamu. Aliomba kuiona picha sasa hivi. Filamu ilikuwa jibu, jibu tukufu kwa mwaka 1947, lakini jibu tu. Kufikia 1977 Land mwenyewe alikuwa amelipenda jibu lake hata akalisahau suali, akaamini kwamba kila linalotazamwa lazima lipitie katika dawa na karatasi. Na waliomzunguka, ambao kwa miaka thelathini walikuwa wamemwona akifaulu katika mambo waliyodhani hayawezekani, hawakuwa tena na ulimi wa kumpinga. Kwa hiyo alipotoka, aliwaachia warithi wake viwanda, hataza, jina na faida, vyote vikizunguka filamu, nao wakavipokea kwa uaminifu kamili. Walikuwa mfano wa warithi wa shamba la mikarafuu, wanaochuma kila msimu katika miti aliyoipanda marehemu, wakapalilia, wakalinda mipaka, wasipande mche hata mmoja.

Na mahakama ikawazidishia imani. Polaroid ilikuwa imeishitaki Kodak mwaka 1976 kwa kuiga uvumbuzi wake, ikashinda mwaka 1985, Kodak ikalazimika kuiacha biashara ya picha za papo kwa papo mwanzoni mwa 1986, na mwaka 1991 ikalipa takriban dola milioni 925. Nani angethubutu kusimama mbele ya wakubwa wa kampuni iliyopokea mali ya namna hiyo akawaambia kwamba kitu walichokitetea kwa miaka kumi na mitano kimekaribia kufa? Wapo waliothubutu. Ndani ya maabara za Polaroid wataalamu walikuwa wakishughulika na picha za elektroniki tangu miaka ya themanini, na kufikia mwanzo wa miaka ya tisini walikuwa na kamera ya dijitali ya majaribio iliyokuwa bora kuliko nyingi za wakati huo. Lakini haikufika sokoni mpaka mwaka 1996, kwa sababu kila ilipoletwa mezani waliulizwa suali moja: faida ya filamu itatoka wapi? Wakubwa hao walizoea kuuza kamera kwa faida haba na kuvuna katika filamu, na kamera isiyokula filamu waliiona kuwa hasara iliyovaa nguo nzuri.

Hapo ndipo msiba ulipo. Kamera ya dijitali, na simu iliyokuja baada yake, ndiyo iliyomjibu yule mtoto kikamilifu kuliko kitu chochote alichopata kukitengeneza baba yake: unaiona picha palepale, bila dawa, bila karatasi, bila kungoja hata dakika moja. Kampuni pekee duniani iliyokuzwa na suali lile ililipokea jibu lake kana kwamba ni adui anayebisha hodi, na Oktoba 2001 ikaomba hifadhi ya kufilisika.

Steve Jobs, ambaye alimstahi sana Land na kumhesabu miongoni mwa mashujaa wake, aliyaonja mambo haya kwa pande zote mbili. Mwaka 1985 alitoka katika Apple, kampuni aliyoiasisi. Alipoirudia mwaka 1997 aliikuta inatengeneza aina nyingi mno za kompyuta bila ya mtu kuweza kueleza kila moja ni ya nani, naye akazifuta nyingi akabakiza chache. Kabla ya kuachia uongozi mwezi wa Agosti 2011, wiki chache kabla ya kufariki, alimwusia mrithi wake, Tim Cook, asijiulize Jobs angefanya nini, bali afanye lililo sawa. Kwani alikuwa ameiona kampuni ya Disney ilivyopooza baada ya kufa kwa Walt Disney mwaka 1966, watu wakikaa vikaoni kubahatisha nia ya maiti. Wasia huu nauona mkubwa kuliko vifaa vyote alivyoviacha, ingawa sikubali kwamba Apple imeutimiza wote. Mali imeongezeka kwa kiasi ambacho Jobs hakukiona, ilhali simu aliyoizindua mwaka 2007 ingali ndiyo nguzo ya nyumba nzima.

Na sisi tunayo yetu. Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, alipofariki tarehe 1 Julai 2019, bodi ilimrejesha Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kampuni hiyo, akishike kiti kwa muda mpaka Peter Ndegwa alipoingia Aprili 2020. Katika miezi ile mabishano makubwa yalikuwa juu ya uraia wa mrithi, kwamba awe Mkenya, na shauri hilo lina haki yake. Lakini nakumbuka M-Pesa, huduma ya kampuni hiyo ya kutumiana fedha kwa simu, ilivyozaliwa. Katika majaribio ya mwaka 2005 ilikusudiwa kwa wakopaji wadogo walipie mikopo yao kwa simu, na wale watu, bila ya kufundishwa na yeyote, wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na waliokuwa wakisimamia majaribio wakawa na busara ya kuliona hilo na kuubadilisha mpango mzima kabla ya kuuzindua Machi 2007. Suali lililoijenga huduma hii lilitoka kwa wakopaji, halikutoka katika kichwa cha mkurugenzi yeyote. Basi kila bodi inapokutana kumchagua mkuu mpya wa kampuni ya namna hii, iwe Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, ningependa wajumbe wamtake kila anayekiwania kiti aeleze, kwa majina ya mitaa na ya masoko, ni wakala yupi na mteja yupi aliyeketi naye mwaka uliopita, wakamwambia nini ambacho yeye hakukitarajia, na alifanya nini aliporudi ofisini.