Mtoto akisema bati linamng'ata, mwamini

Mama mmoja anauza chipsi na chai Chala, kando ya barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Kibanda chake ni cha bati, kimechomelewa juu ya fremu ya chuma na kufungwa magurudumu mawili ya gari, ili siku ya mnada akivute hadi penye watu. Umeme anauchukua kwa jirani kwa ekstensheni. Ndani ana taa, birika la umeme na soketi ya kuchajia simu za wateja.

Mwanawe wa miaka mitano alilalamika siku kadhaa: "Mama, bati linaning'ata." Mama akiligusa, hasikii kitu. Akaona ni utundu tu, mtoto hataki kutumwa kuosha vikombe.

Nilipopita pale ilikuwa jioni, mvua imetoka kukatika. Mama amevaa ndala za mpira. Mtoto yuko peku, kasimama kwenye tope. Fundi umeme aliyekuwa akisubiri chipsi zake alisikia malalamiko hayo, akatoa testa mfukoni na kuigusisha kwenye mlango wa bati. Ikawaka. Hakuna aliyeongea. Mama alimvuta mtoto wake kwa nguvu hadi akalia.

Naandika habari za afya, si za ufundi, lakini nimerudi kwenye jambo hili kwa sababu vibanda kama kile viko kila mahali: vya vinyozi, vya wakala wa fedha, vya chipsi. Na watoto wetu wanashinda humo baada ya shule.

Magurudumu ya mpira hayapitishi umeme. Waya wenye umeme ukichubuka na kugusa bati, kibanda kizima kinakuwa na umeme, nao unabaki pale kwa kuwa hauna pa kushukia. Taa inawaka kama kawaida, birika linachemka, hakuna moshi wala harufu. Anayekuja kuufungulia njia ni yule anayesimama ardhini bila viatu na kuweka mkono ukutani. Mwenye ndala kavu hasikii, kwa hiyo mtu mzima anamwona mtoto mwongo.

Wengi hujipa moyo kwamba kuna fyuzi, au breka ya jirani itakata. Tupige hesabu kidogo. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Mwili wenye ngozi iliyolowa unaweza kupitisha kama miliampea 230, na kiasi kidogo zaidi ya hapo kinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa fyuzi ya plagi kubwa ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mtoto anaweza kupoteza maisha na fyuzi isijue kama kuna tatizo. Fyuzi na breka zimewekwa kuzuia nyaya zisiwake moto. Hazikuwekwa kwa ajili ya mtu.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile ambacho mafundi hukiita RCD. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua unaorudi, maana yake kuna unaovujia pengine, labda kwenye mwili wa mtu, nacho kinakata mara moja. Omba cha miliampea 30. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi, na kama hakikati, hakifai tena.

Kifungwe wapi? Upande wa nyumba, pale waya unapoanzia. Kikifungwa ndani ya kibanda peke yake, waya wote unaopita uani, ambao watoto wanaurukia na kuku wanaupekua, unabaki bila ulinzi. Uingereza, watu wanaovuta vinyumba vya likizo nyuma ya magari yao wana tatizo hilihili la bati juu ya matairi, na kwenye viwanja vyao vya kulala soketi za kuchukulia umeme hulindwa kwa kifaa hicho, cha miliampea hizohizo 30.

Yule mama aliniuliza swali ambalo pengine nawe unalo: je, nikichomeka nondo ardhini na kuifunga kwenye kibanda, si inatosha? Nondo ya ethi inahitajika, ndiyo, lakini peke yake inaweza kukudanganya. Udongo wa huku Ufipa kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi unakauka hadi unapasuka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Tuseme nondo yako ina ukinzani wa omu 50. Umeme utakaoshuka hapo ni kama ampea nne na nusu, na breka ya ampea 20 haitashtuka kabisa. Bati litaendelea kung'ata. Nondo na RCD viende pamoja.

Kuhusu waya, hapo ndipo pesa ndogo inapoponza watu. Ekstensheni ya mama yule ilikuwa ya nyaya mbili tu, ile nyembamba, imeungwa katikati kwa tepu nyeusi na kupitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari. Ukingo wa bati ni kama wembe. Kila kibanda kinapotikisika, unakata plastiki ya waya kidogo kidogo. Fundi alisema hapo ndipo anapoangalia kwanza, na hapo ndipo alipokuta shaba iko wazi.

Unaotakiwa ni waya wa nyaya tatu, wenye ganda nene la mpira, usio na maungio njiani, unaoanzia kwenye breka yake wenyewe ndani ya nyumba. Pale unapoingilia, tundu livalishwe mpira au plastiki, na waya ubanwe usivutike. Upite juu au ndani ya bomba, usilale chini ya gurudumu. Ule wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, ufungwe kwa bolti kwenye chuma cha fremu, rangi ikwanguliwe kwanza. Kama unatumia ekstensheni ya kuviringisha, ikunjue yote kabla ya kuwasha birika, kwa kuwa ikiwa imeviringwa inapata joto hadi kuyeyuka.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, tuiache mbele ya watoto. Wanajifunza haraka kuliko tunavyodhani, na kesho wao watachokonoa tundu la chini.

Kazi hii afanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe, si kumkosea heshima. Ni mtoto wako.

Akishanaswa mtu, usimshike. Zima kwanza kule umeme unakotoka. Swichi ya kibandani haitoshi, kwa sababu inaweza kuwa inakata waya usio na umeme. Ukishindwa kufika, simama juu ya kitu kikavu, ubao au ndoo ya plastiki iliyofunikwa, umsukume kwa mti mkavu. Mti mbichi utakunasa nawe.

Kama hapumui, mtu mmoja akimbilie usafiri na wewe anza kumbonyeza katikati ya kifua kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto mdogo mkono mmoja unaweza kutosha, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake. Kila baada ya mara 30, mpulizie pumzi mbili. Usiache hadi apumue au msaada ufike. Habari ya kumnywesha maziwa iache. Aliyepoteza fahamu atapaliwa.

Akiamka na kuonekana mzima, bado mpeleke kituo cha afya. Jeraha la umeme linaweza kuonekana dogo kama alama ya sigara na ndani nyama imeungua. Wafahamishe wahudumu kwamba ni umeme, ili wasikilize moyo wake, na uwaambie mkojo wake ukibadilika rangi kuwa kama chai.

Mama yule alifunga biashara siku tisa. Alinung'unika, na ninamwelewa, kwa sababu ada ya shule hailipwi kwa ushauri wa gazeti. Waya mpya na RCD alivinunua kwa mkopo wa kikundi chao cha akina mama. Nondo alipewa na jirani, ambaye naye aliingiwa na hofu aliposikia umeme ule ulitoka kwake.

Kama una kibanda cha bati nyumbani, leo jioni zima umeme kule unakotoka, chomoa waya, halafu nenda na tochi ukaangalie tundu unapopitia.