Mbwa Akimwuma Mtoto



Huku kwetu Upareni, kuanzia Same mjini hadi Mbaga na Chome, mbwa ni mlinzi wa nyumba na rafiki wa watoto. Lakini akibadilika ghafla, akatokwa na udelele na kuuma ovyo, tusipuuze. Huenda ni kichaa cha mbwa.

Kumtazama tu hakuthibitishi. Maabara hupima ubongo wake. Hivyo akiuawa, asipondwe kichwa wala kutupwa korongoni. Tumwite afisa mifugo achukue sampuli. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2012, ina kituo Arusha.

Lakini mtoto asingoje majibu! Tuoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15, kisha twende hospitali apate chanjo. Dalili zikishaanza, ni vigumu mno kupona. Mbwa akiwa hai, afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Tusimwonee haya jirani mwenye mbwa. Na wa kwetu je, amechanjwa mwaka huu? Tuanzie hapo.